Sauti Kutoka Ndani ya Tangi

Juzi tumemzika Elisha kwao Soni, na tangu nirudi Tanga sijapata usingizi wa maana. Si kwamba kifo chake kilinishtua. Alikuwa mgonjwa wa muda mrefu, na sisi watu wa umri huu tunapigiana simu za misiba siku hizi kuliko za harusi. Kilichoninyima raha ni swali la binti yake, Neema. Tulikuwa tumekaa jikoni kwao, mie na yeye, tunachambua maharage ya wageni, akaniuliza kwa nini baba yake, maisha yake yote, akisikia mashine ya kusaga imewashwa jirani alikuwa anatoka nyumbani na kwenda kusimama mbali shambani mpaka izimwe. Hata kanisani, akasema, walipoleta jenereta alihama benchi lake la mbele akawa anasalia nje chini ya dirisha. Mama yao alikuwa amewakataza kumuuliza. Nikamjibu Neema kwamba nitamweleza siku nyingine, nikainamia maharage yangu. Alinitazama kwa namna ya mtu anayejua kuwa hiyo siku nyingine haipo, na ana haki. Waliokuwepo mwaka ule nimebaki mie na Nasrini, binti wa mwajiri wetu, naye yuko ng'ambo kwa wanawe. Nisiposema mie, nani atasema? Basi hiyo siku nyingine, Neema, na iwe leo.

Sitaeleza nilivyotoka Ushongo wala nani alimwoza nani. Tuanzie Usagara, kwenye chumba kimoja cha kupanga, dirisha moja linalotazama barazani, kitanda, sanduku la nguo, na jiko la mkaa ambalo mvua ikinyesha tuliliingiza ndani tukatokwa na machozi wote wawili. Shabani alikuwa mume wangu wa mwaka mmoja. Mrefu, mwembamba, mtanashati kupita kiasi kwa mtu wa kazi yake. Alisugua kucha kwa ndimu na chumvi kila jioni na weusi haukutoka. Nje alikuwa mtu wa maneno na mzaha, hakuna mwenye duka aliyempita bila kutaniwa, lakini akivuka kizingiti cha chumba chetu ananyamaza. Nikimuuliza kazi imekwendaje, ananiambia imekwenda. Nikimwekea chakula anakula, anasifu, anageukia ukutani. Mwanzoni nilijua tu kuna mwanamke. Ukiwa kijana na mumeo hakusemeshi, unafikiria nini kingine? Nilimpekua mifuko, nilimnusa mashati, nikaambulia harufu ya oili. Kumbe maneno yake alikuwa anayamalizia mahali pengine, na mahali penyewe nilikuja kupajua kwa masikio yangu mwenyewe.

Alifanya kazi kwa Gulamu. Kilikuwa kiwanda kidogo nje ya mji, kinanunua oili chafu kutoka magereji yote ya Tanga na Muheza, kinaichemsha na kuigeuza mafuta ya kuwashia tanuri za chokaa na kuendeshea mashine. Usifikirie minara na mataa ya kwenye televisheni. Ulikuwa uwanja wenye ukuta, mapipa, matope meusi, na katikati tangi moja la chuma lililosimama wima, refu kupita nyumba, moto chini yake na bomba juu yake. Mvuke unapanda kwenye bomba, unapozwa, yanatoka mafuta. Kinachobaki tumboni mwa tangi kinaungua na kugandia kwenye chuma, cheusi na kigumu kama jiwe, na sote tulikiita ukoko, maana mpishi yeyote anajua sufuria ikisahauliwa motoni inakuwaje. Ila ukoko wa wali unaulowesha maji, kesho unabanduka. Ule wa kwenye tangi ukiachwa unanenepa, chuma chini yake kinashika moto mahali pamoja, na siku moja tangi linapasuka na kuua uwanja mzima. Kwa hiyo kila baada ya muda moto ulizimwa, tangi likaachwa lipoe, mdomo wake wa juu ukafunguliwa, na mtu akashuka ndani kwa ngazi, na nyundo na tindo, kwenda kuubandua. Mtu huyo alikuwa mume wangu. Nami nilikuja kuwa mpishi wa pale baada ya mpishi wa kwanza kuacha kazi. Banda langu la jiko liliegemea ukuta, jirani kabisa na tangi.

Hatari ya mle ndani haikuwa giza wala joto, ingawa vyote vilikuwepo. Ndani ya ukoko kunalala hewa mbaya, imejificha kwenye matundu yake, na ukiupasua inakutokea usoni. Si kila mara ina harufu ya kukuonya. Unalegea, unasikia raha fulani, unasema ngoja nikae kidogo, na kukaa kwenyewe ndiyo mwisho. Wanaume wale walikuwa na njia yao ya kujikinga, hawakufundishwa na mtu yeyote wa ofisini. Mtu wa ndani alifungwa kamba ya katani kiunoni, na juu ya jukwaa, kwenye mdomo wa tangi, alikaa mwenzake ameishika kamba hiyo. Huyo alikuwa Elisha, fundi wa kuchomelea, Msambaa, Mlutheri, mpole hadi anakera. Mtu wa ndani kazi yake ilikuwa kubandua na kusimulia. Asinyamaze hata kidogo. Aseme lolote, ya jirani, ya mpira, ya bei ya samaki, na mtu wa juu amwitikie kama tunavyoitikia sote tukisimuliwa: ehe, ehe. Ulimi wa mtu wa ndani ukianza kuwa mzito, au akirudia jambo alilokwisha kulisema, au sauti ikikatika, Elisha anaita wenzake na wanamvuta bila kuuliza. Mara mbili mwaka ule walimvuta Shabani akiwa ameanza kisa kilekile upya bila kujijua. Alitolewa akakaa chini ya mkorosho, akatapika, akaomba maji, akasema kisa chenyewe kilikuwa kizuri ndiyo maana.

Sasa chuma kinapaza sauti. Siku ya kwanza nilikuwa nimekaa kwenye mbuzi nakuna nazi, nikasikia mume wangu anasema, wazi kabisa, utadhani yuko ndani ya sufuria yangu, kwamba mkewe akilala anagombana na watu ndotoni. Ehe, kasema Elisha. Kwamba amemnunulia kanga na ameificha chini ya godoro siku nyingi hajui aitoe vipi, maana akiitoa bure bure ataulizwa amefanya kosa gani. Ehe. Kwamba mkewe anapika bada, ugali wa muhogo, laini kuliko mama yake mzazi, na hilo asije akamwambia mama yake. Nilicheka peke yangu mpaka nazi ikaniparuza kidole. Tangu hapo siku za ukoko nilizisubiri. Nilijua kwa njia hiyo kwamba ananipenda, kwamba anataka mtoto wa kike, kwamba ile kofia ya kufuma niliyompa inambana na anaivaa hivyo hivyo. Elisha naye alijua yote hayo, na wakati wa kugawa chakula alinipokea sahani kwa heshima iliyozidi, macho chini, shemeji asante, mpaka nikawa naona haya. Nyumbani sikusema neno. Niliogopa nikimwambia Shabani nasikia, ataacha kusema, au atasema mengine.

Halafu kuna siku moja, siku chache kabla ya Ramadhani, nilimsikia akigonga polepole kuliko kawaida. Hakuwa na kisa. Alikuwa anahesabu majina ya samaki, changu, pono, tasi, kibua, ili tu sauti itoke. Kisha akaacha kuhesabu.

"Elisha, naogopa," alisema. "Kila nikishuka humu naogopa, ila leo nimeogopa tangu nyumbani. Nikimwambia yule mwanamke atanizuia, na akinizuia nitakubali."

"Ehe," alisema Elisha.

Nilikuwa na upawa mkononi. Sikumbuki nilichokuwa napika, nakumbuka upawa na mchuzi unaodondoka kwenye mguu wangu. Yule mtu aliyekuwa akigeukia ukutani usiku hakuwa ananinyima maneno. Alikuwa na neno moja tu na alikuwa analizuia lisimtoke. Tangu siku ile nilitaka kitu kimoja, atoke mle ndani moja kwa moja, na sikutaka kingine. Wapo wanaoniuliza mbona sikumzuia, kama alivyosema mwenyewe. Nilijaribu, kwa kuzunguka, nikamwambia wanatafuta watu bandarini. Akacheka, akasema bandarini wanataka watu wenye shingo. Basi nikaamua kwenda juu.

Mzee Gulamu aliishi ghorofani, juu ya duka lake la vipuri mjini. Nilikwenda Ijumaa jioni, mfungo haujaanza, nimevaa baibui langu zuri, nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba kwa upole na kuniambia nikae. Chumba kilikuwa na feni kubwa, makochi yamefunikwa nailoni, na saa ya ukutani yenye picha ya Makka. Hakuwa mtu mbaya, na nasema hivi nikijua wapo watakaokasirika. Alikuwa anakula chakula cha mchana na wafanyakazi wake, kwenye benchi moja nao, chakula nilichopika mie. Binti yake Nasrini aliniletea chai ya maziwa yenye iliki na sahani ya kachori, akaketi. Alikuwa amerudi karibuni kutoka masomoni, amesomea mambo ya mashine, na watu walikuwa wanamcheka kwa kuvaa suruali na buti uwanjani. Nilisema shida yangu: kazi ya ndani itaniulia mume. Mzee akajibu kwamba hajapata kumlazimisha mtu, kila anayeshuka anashuka kwa hiari yake na analipwa zaidi ya wenzake. Ilikuwa kweli. Nikanywa chai yangu. Lakini walipoingia jikoni kunifungia kachori za kwenda nazo, nikawasikia, wakichanganya Kikachi, lugha yao ya Kihindi, na Kiswahili, yeye binti akisema kwamba kwenye viwanda vikubwa ukoko unakatwa kwa maji yenye nguvu, bomba linashushwa kutoka juu na watu wamesimama mbali, hakuna anayeingia. Baba akasema hayo ni ya Waarabu wenye visima. Binti akasema pampu za kuoshea matumbo ya meli zipo Mombasa, kuukuu lakini nzima, na bomba wanaweza kuchomelea wenyewe. Kisha nikasikia mzee anauliza bei. Nilishuka ngazi na kachori zangu natabasamu peke yangu barabarani.

Pampu ilipita Horohoro baada ya Idi. Ilikaa mpakani siku nyingi kwa mambo ya karatasi, Nasrini akaifuata mwenyewe, akarudi nayo juu ya lori, nyekundu iliyopauka, na injini yake ya dizeli iliyounguruma hadi kuku wa jirani wakahama. Waliiweka kwenye jukwaa, karibu na mdomo wa tangi, ili mpira usiwe mrefu. Elisha alichomelea bomba refu lenye tundu dogo nchani. Siku ya kujaribu, wote tulitolewa nje ya uwanja isipokuwa Nasrini na Elisha waliojificha nyuma ya ukuta wa mifuko ya mchanga, wakishika bomba kwa mkono mrefu wa chuma. Maji yalipoanza, tangi lililia. Mvuke mweusi ukapanda. Baada ya muda wakafungua mlango wa chini, na maji meusi yakatoka na mabonge ya ukoko makubwa kama vichwa vya watu, yakisukumana. Shabani alisimama kando yangu pale langoni tulipochungulia, mikono kifuani. Alikuwa ameikejeli mashine ile tangu ikiwa Mombasa, ameiita kobe wa Nasrini, amesema itawalowesha tu. Yale mabonge yalipotoka kejeli zikaisha. Nilimtazama usoni nikaona amelegea shavu, nikageuza uso asijue nimeona.

Nitakuambia ukweli, Neema, majuma yaliyofuata ndiyo ndoa yangu. Mume wangu alikuwa anarudi mapema, amelowa lakini hana weusi kwenye kope. Alianza kusema. Tulikaa na sinia la wali na mchuzi wa papa katikati, na mtu yule yule wa kunyamaza akanisimulia mambo mpaka chakula kikapoa, nami nikiitikia ehe, ehe, mambo mengine nikiyajua tayari kutoka kwenye tangi na kujifanya ndiyo kwanza nayasikia. Kanga ikatoka chini ya godoro. Hakuulizwa kosa. Akasema akipata akiba kidogo tutarudi upande wa Pangani, atafute kazi kwenye nyumba za wageni, apike samaki, maana anajua kupika kuliko mie. Nikamwambia athubutu.

Mashine ile ilikuwa na upungufu mmoja, na kila mtu aliuona. Bomba lilirusha maji mbele, moja kwa moja. Pale chini, ukuta wa tangi unapopinda kukutana na kitako, maji hayakupiga sawasawa, na kila usafishaji ulibakisha mviringo wa ukoko, mwembamba kwanza, kisha wa kujaa mkono. Nasrini alisema kichwa cha bomba lazima kibadilishwe kiwe cha kurusha pembeni, atakapotoka Dar es Salaam atashughulika. Alikwenda Dar kwa ajili ya harusi ya ndugu. Wenye tanuri za chokaa walikuwa wanapiga simu, wanataka mafuta. Asubuhi ile walikata kwa maji, mviringo ukabaki, na Mzee Gulamu akasema tangi haliwezi kuwashwa hivyo, Shabani ashuke kidogo tu amalizie ile kona. Injini ya pampu ilikuwa na kisirani cha kuwaka. Ukiizima ilichukua nusu ya siku kuibembeleza. Wakaiacha inanguruma, maji yakizunguka na kurudi kwenye pipa, ili Shabani akishatoka wasukume mabaki. Na tangi halikuwa limepoa kama zamani. Zamani lilisubiriwa mpaka lipoe kwa sababu ya mtu. Tangu mashine ije, mtu hayupo, kwa nini lisubiriwe? Ukoko wa moto uliomwagiwa maji unatoa hewa yake yote kwa pamoja. Hayo nimeyaelewa baadaye, kwa kuelezwa. Siku ile mimi nilikuwa nakaanga vitunguu.

Sikuambiwa kwamba ameshuka. Nilitoka jikoni kumwaga maji, nikainua macho, nikamwona Elisha amekaa mdomoni mwa tangi na kamba mkononi. Nikajua. Nikasimama nisikilize, kwa mazoea tu, nipate sauti ya mume wangu, na nikapata pampu. Nilisogea mpaka nikaweka sikio kwenye chuma. Chuma chote kilikuwa pampu. Nikafunga kanga vizuri nikapanda ngazi ya jukwaa, kitu ambacho sikuwahi kukifanya, na hakuna aliyenizuia kwa sababu hakuna aliyeamini. Nilimfikia Elisha nikampigia kelele sikioni kama anamsikia. Alitikisa kichwa. Kisha akanielekeza kwenye mkono wake, uso wake ukiwa mtulivu kabisa, akaleta mdomo wake sikioni kwangu.

"Simsikii, shemeji, lakini yupo kazini. Kamba inacheza."

Nikaishika kamba. Ilikuwa inacheza kweli. Mivuto mifupi, yenye nguvu, moja baada ya nyingine, mivuto ya mtu anayegonga nyundo. Nilifarijika, nakuapia, moyo ulishuka mahali pake. Kisha nikataka kushuka, nikashika reli ya jukwaa, na reli ilikuwa inagonga vilevile. Nikashika ngazi. Vilevile. Kamba ilikuwa imelalia kwenye reli, na reli imechomelewa kwenye jukwaa, na juu ya jukwaa imekaa pampu. Sikumwambia Elisha kitu, nisingesikika. Nilikwenda kwenye ile injini, nilishawaona wakiizima, nikavuta kile kishikizo chekundu kwa mikono miwili. Ikakohoa ikazima. Uwanja ukawa kimya, nikasikia vitunguu vyangu vikiungua kule chini. Niligeuka nikamtazama Elisha. Alikuwa anaangalia mkono wake. Kamba ilikuwa imetulia.

Walimvuta. Alikuwa na joto, na mtu mmoja akapiga kelele kwamba yu hai, lakini lilikuwa joto la tangi. Tulimzika kabla ya magharibi. Elisha, nilielezwa, alikuja makaburini akasimama nje ya ukuta na fulana yake ileile nyeusi, na viganja vyake vimefungwa, na watu wakampita bila kumpa mkono. Mji huu una mdomo. Siku ya tatu nimo edani, nimekaa kwenye mkeka ndani ya chumba chetu, tayari wanawake walikuwa wananiletea: alisinzia yule, alikuwa kwenye simu, maana simu za mkononi ndiyo kwanza zilikuwa zinaingia na zililaumiwa kwa kila jambo, si wa dini yetu, kwani ingemuuma nini? Wengine wakanigeukia mie, wakasema kwa kunong'ona lakini kwa kunisikilizisha kwamba pampu ile niliiombea mwenyewe. Hao niliwafukuza. Eda au si eda, nilisimama nikawaonyesha mlango. Sikumuua mume wangu kwa kutaka aishi, na mpaka leo sijakubali mtu anipandikizie hilo.

Elisha alikuja siku chache baadaye, na mkewe. Mkewe aliingia ndani akakaa nami mkekani. Elisha mwenyewe, kwa kuwa nilikuwa edani, alibaki barazani, akakaa chini ya lile dirisha letu, pazia katikati.  Kisha akaanza kusimulia. Alisimulia asubuhi ile yote, tangu walipokunywa chai, Shabani alivyosema anashuka mara moja tu, alivyotaka kupiga kisa akajua hakitasikika, akamwambia Elisha leo pumzika masikio. Alisema alikuwa ameshika kamba ile kwa mikono miwili na kila ilipocheza alimshukuru Mungu. Alisema alikuwa anamshukuru Mungu juu ya maiti. Sauti yake ikaanza kuzama. Nilijua anangoja nini, na mkewe alijua, akanishika goti. Wanawake waliokuwepo waliniangalia. Ningeweza kunyamaza, na nadhani kama ningenyamaza, baba yako mngemzika miaka mingi iliyopita, akiwa mtu mwingine kabisa.

"Ehe," nilimwambia.

Akalia kwanza. Halafu akaendelea, na kilichobaki kilikuwa kifupi. Mzee Gulamu alikuwa amempata mtu mwingine wa kushuka, kijana wa Pongwe, mwenye mke na mtoto. Mviringo ule bado ulikuwa mle ndani na wa chokaa bado wanapiga simu. Elisha akasema kesho, kabla ya wote kufika, atachomelea nondo juu ya mdomo wa tangi, za kukingamana, nafasi ya kupita bomba lakini si bega la mtu. Atafukuzwa kazi, akasema, na ana watoto, ndiyo maana amekuja kunieleza. Nikamwitikia tena.

Alifanya hivyo. Nilisimuliwa na wote, kwa hiyo naweza kusema kama niliyeona. Mzee Gulamu alifika akakuta nondo zimepoa, akamwamuru azikate. Elisha akamkabidhi mashine ya kuchomelea mkononi, kwa adabu, akaenda zake kwa miguu mpaka mjini, na hakurudi kazini pale maisha yake. Hakuna mtu mwingine uwanjani aliyekubali kuzigusa. Ndipo aliporudi Nasrini kutoka harusini, hina bado ipo mikononi, akakuta mjane, kiwanda kimezima, na mdomo wa tangi umefungwa. Kama kungekuwa na njia ya kumshusha mtu, sijui wangefanya nini. Haikuwepo. Ilibidi mashine ifanye kazi yote.

Eda ilipokwisha nilikwenda kiwandani kuchukua vyombo vyangu. Nilikuta wanasafisha tangi. Bomba lilipita katikati ya nondo, watu wote wamekaa mbali nyuma ya mifuko ya mchanga, hakuna aliyekaa juu. Walipozima pampu na kufungua chini, ukoko ulitoka wote, hata ule wa kwenye kona, na Nasrini akapiga tochi kupitia mlango wa chini akaniita nitazame. Chuma kilikuwa kitupu, kinang'aa. Nchani mwa bomba walikuwa wamefunga kipande cha shaba, kikubwa kama ngumi, chenye matundu yanayotazama pembeni. Aliniwekea mkononi. Akaniambia, dada Mwanahawa, sasa hakuna mtu atakayeshuka tena humu, na macho yake yalijaa machozi, ya kweli, siwezi kumsingizia. Nilikigeuza kile kipande. Kilikuwa chepesi. Nikamuuliza kilichukua muda gani kutengenezwa, maana mie nilidhani kimetoka Ulaya. 

"Asubuhi moja," alisema. "Fundi wa mjini. Nilikaa kwenye kigoda nikamsubiri."

Nikamrudishia. Mtu wa pampu, ambaye hakujua tunazungumza nini, akaiwasha tena ili wasukume mabaki. Nikalia pale kwa sauti yangu yote, zaidi ya nilivyolia siku ya maziko, na hakuna mtu hata mmoja uwanjani aliyenisikia.